Jinsi nilivyoondokana na maumivu ya goti kwenye baiskeli baada ya miaka 50

Tangu nilipovuka miaka 50 na kuongeza safari za baiskeli kati ya Mwenge na Posta, goti la kulia lilikuwa likiuma kwa mbele, kuzunguka pia ya goti, hasa baada ya kupanda mwinuko. Nilipumzika, nikachua kwa dawa, nikafunga bandeji, maumivu yalirudi.

Kilichoyaondoa ni kupandisha siti. Niliegemeza baiskeli ukutani, nikakaa na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, kisha fundi akapandisha siti kidogo kidogo hadi mguu ukanyooka bila nyonga kuinama upande, ili nikikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti libaki limekunjwa kidogo tu.

Jambo dogo lililoleta tofauti, nanyi nawasihi mlizingatie, ni viatu: kipimo cha kwanza tulikichukua nikiwa na kandambili, na siti ikabaki chini kuliko inavyotakiwa, kwa kuwa soli ya raba ninazoendeshea ni nene zaidi. Tulipima upya nikiwa nimevaa raba, na goti likatulia. Wekeni pia alama ya wino kwenye nguzo ya siti, kwani huweza kushuka polepole bila mtu kutambua.