Kesi ya nyumba zilizochomwa: tulivyoifikisha hadi hukumu

Vijiji viwili huku kwetu Arumeru vilipogombania maji ya mfereji na nyumba zikachomwa usiku, karibu kila aliyeunguliwa alikuja kwangu na maneno yale yale: "Ni watu wa juu," yaani wa kijiji cha juu. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kata. Wengi wa watu wa juu walikuwa wamelala makwao usiku ule, na sikuwa tayari kuona kijiji kizima kikipelekwa kizimbani.

Kazi kubwa ikawa utambuzi, yaani kuthibitisha ni nani hasa aliyeonekana. Tangu shauri la mwaka 1980 la mtu aliyeitwa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, shahidi anayesema "nilimwona" huulizwa: kwa muda gani, umbali gani, kwa mwanga upi, na ulimfahamu kabla? Nilikaa na kila mmoja peke yake, nikamwomba anionyeshe alipokuwa amesimama. Mama mmoja alimwona kijana mwenye dumu la petroli kwa mwanga wa banda lake mwenyewe lililokuwa likiwaka, na kijana huyo alisoma na mwanawe. Asubuhi ile ile alimtaja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kumtaja mtu mapema hivyo mahakama hukupa uzito, kwa hiyo mwenyekiti naye akaandikisha maelezo polisi.

Shemeji yake alisikia sauti tu. "Shemeji, sema sauti, usiongeze sura," nilimwambia. Alinuna. Lakini shahidi mmoja akitia chumvi na wakili wa utetezi akamnasa, huwaangusha hata waliosema kweli.

Kisha wazee wakaja na rai kwamba yaishe nyumbani: ng'ombe atolewe, tupatane. Niliwasikiliza kwa heshima, maana kesi haigawi maji. Nikawaomba: "Wazee wangu, vipatanisheni vijiji, ila aliyechoma ajibu mahakamani." Walikubali. Zamu za mfereji zikapangwa upya, na tangu hapo hakuna shahidi aliyefuatwa nyumbani kubembelezwa au kutishwa. Bila wazee hao kesi ingekufa.

Kuahirishwa kulituchosha mno. Nauli ya Hiace hadi mjini ni kibarua cha siku kwa mtu aliyepoteza hata sufuria. Tulimwomba wakili wa serikali atuambie nani anahitajika lini, ili wasishuke wote kila mara. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, nafuu kubwa kwetu. Ila bibi mmoja husema Kimeru tu, tukaomba mapema mkalimani asiyetoka kijiji chochote kati ya viwili vile. Mimi siruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini niliketi mahali ambapo bibi angeniona.

Washtakiwa kadhaa walitiwa hatiani. Mmoja aliachiwa, yule ambaye shemeji alisikia sauti yake. Shemeji ana hasira hadi leo, na uchungu wake naujua. Hata hivyo naamini hakimu alitenda haki, kwa sababu sauti katikati ya makelele ya umati haitoshi kumfunga mtu.

Mahakama iliamuru pia waliotiwa hatiani walipe fidia, mamlaka inayopewa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Wengine wameshaanza kulipa, na mabati ya kwanza yamepanda. Mmoja bado anakwepa. Karani ametuelekeza namna ya kuomba mali yake ikamatwe, na wiki hii tunaandika barua hiyo.