Majina matatu, laini moja: kuanza maisha ya uanafunzi China

Ukiingia China na viza ya X1, yaani ya masomo ya muda mrefu, una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Ukipanga chumba nje ya bweni, nenda polisi ukajiandikishe ndani ya saa 24, na pasipoti na mkataba wa pango mkononi. Ukihama, unaandikisha upya. Hili la kuhama ndilo husahaulika, likaja kuibuka dirishani siku ya kuongeza kibali.

Kinachosumbua zaidi, kusema kweli, ni jina. Laini ya simu, akaunti ya benki na WeChat, programu ya simu ya kutumiana ujumbe na kulipia, lazima visomane. Sasa chukua mtu anayeitwa Juma Hassan Mwinyi: kwenye laini kaandikwa MWINYI JUMA HASSAN, benki wamebana yote bila nafasi. Herufi ni zilezile, ila mfumo unaona watu wawili na kadi inakataa kuunganishwa. Sajili laini kwanza, piga picha jina lilivyochapwa, mwoneshe karani wa benki, na usitie sahihi kabla hujalisoma nafasi kwa nafasi.

Akaunti ikichelewa, unganisha Visa au Mastercard ya nyumbani na Alipay, programu ya kulipia kwa simu. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi kitu. Yakizidi, asilimia 3 inaondoka. Kwa hiyo bakuli la tambi na nauli ya metro havikatwi. Kumrushia mwenzako hela kwa kadi hiyo, sahau.

Jiko la umeme la wali nalo liache dukani: mabweni mengi hayaliruhusu.