Tausi wa shemeji na mjusi wa Miyako

Shemeji yangu wa Entebbe anafuga tausi, na huwatazama wakidonoa mijusi uani huku akicheka. Mimi sicheki tena. Visiwani Miyako, kusini kabisa mwa Japani, kuna mjusi wa nyasi wa kijani kibichi, mwembamba, mkia wake ukizidi mwili mara mbili na ushee. Hapatikani pengine popote. Hadi mwaka 1996 alihesabiwa kuwa aina moja na ndugu yake wa Okinawa, kisiwa kingine cha Japani. Leo yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Nyasi na vichaka vyake vinapungua, na binadamu wakamletea walaji wageni: vicheche, na tausi. Tausi jamani, ndege wa mapambo! Nimemweleza shemeji. Akanijibu tausi wake hawajui kuogelea.