Nilivyofundisha Kiesperanto kwa watu wanaoanza sifuri, kwa Kiswahili mwanzo mwisho

Nianze na jambo ambalo lilinisaidia kuliko mengine yote: kama wanafunzi wako wanaongea Kiswahili, usiwafundishe Kiesperanto kupitia Kiingereza. Vitabu vingi vya kuanzia vimeandikwa kwa ajili ya Mwingereza, kwahiyo vinatumia muda mrefu kumweleza kwamba herufi moja ina sauti moja, a ni a tu popote pale, i ni i, na neno linasomwa kama lilivyoandikwa. Mswahili hilo anajua tangu darasa la kwanza! Halafu pale ambapo Mswahili anakwama kweli kitabu kinapita fasta kama vile hakuna kitu, mwanafunzi anabaki anajiona hana kichwa cha lugha wakati shida ni kwamba kitabu hakikuandikwa kwa ajili yake.

Kwa ambaye hajawahi kukisikia, Kiesperanto ni lugha iliyotungwa na daktari wa macho anaitwa L. L. Zamenhof, mzaliwa wa Białystok, mji ambao leo upo Poland lakini wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Urusi, na kitabu chake cha kwanza kilitoka Warsaw 1887. Kanuni za msingi za sarufi ni 16. Huku kwetu wengi nilioongea nao walilisikia jina hili mara ya kwanza 2024, pale Kongamano la Dunia la Kiesperanto lilipofanyika Arusha mwezi wa nane, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Watu waliona wageni wa kila rangi wanapiga stori kwa lugha moja ambayo si Kiingereza wala Kifaransa, wakataka kujua ni nini kile. Mimi nilikuwa nakijua tayari, ndo nikapata kundi dogo, vijana wa utalii, fundi simu, wanachuo kadhaa, na mama mmoja mwalimu mstaafu wa Kiswahili wa sekondari, ambaye kwa kweli alikuwa baraka kwa darasa zima na mtaona kwanini.

Matamshi nilianza nayo siku ya kwanza na sikuyaacha. Irabu ni zetu zilezile tano, hapo hamna kazi. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili vilevile, yaani mtu anayesema historia vizuri kwa Kiswahili tayari anaweza kusema historio, na familio, na radio. Nikawaambia tu someni kama mnavyosoma gazeti, wakasoma, wakashangaa wenyewe wanaeleweka. Hata r ya Kiesperanto ni ya kutetemesha ulimi kama yetu, ile ya Kiingereza waiache.

Kazi ipo kwenye herufi zenye sura tunayoijua na sauti tusiyoitegemea. C peke yake ni ts, kwahiyo leciono ni le-tsi-o-no, na hapa nilitumia neno Botswana maana kila mtu analisema bila shida, unatoa hiyo ts ya katikati unaihamishia kwenye paco na danco. Ĉ ni ch yetu, ŝ ni sh, ĝ ni j ya jambo, ŭ ni w, halafu j ndo y, na hii j ndo ilitusumbua hasa. Neno kaj, maana yake "na", wao walisoma kaji, nikirekebisha wanasema ka-i kama wanavyosema chai. Sasa Kiswahili chai ni silabi mbili, cha-i, lakini kaj ni silabi moja. Nilichofanya ni makofi: chai makofi mawili, kaj kofi moja, darasa zima tunapiga. Baada ya hapo ndo nikawaletea wingi, tablo ni meza, tabloj ni meza nyingi, na ukisoma j kama irabu mkazo wote unahama, inakuwa ta-BLO-i badala ya TA-bloj. Kofi lilitatua hilo pia. Mpaka leo nikimsikia mtu anateleza napiga kofi moja tu mezani anajua.

Ĥ ni adimu ila ipo, ĥoro ni kwaya na horo ni saa. Hapo waliosoma madrasa waliongoza darasa maana ile kh ya Kiarabu wanayo tangu utotoni, nikawapa wao kazi ya kufundisha wenzao. Ĵ, ile j ya Kifaransa, hatuna, ila kijana mmoja aliyesoma Bukavu kwa Kifaransa alikuwa nayo, tukamsikiliza yeye. Nashauri sana hii, darasani kwako kuna mtu tayari ana sauti unayoitafuta, mtafute.

Kitu kigumu kuliko vyote kwenye matamshi ni mwisho wa neno. Kiswahili chetu hakipendi neno liishie na konsonanti, ndo maana bus ikawa basi na bank ikawa benki, sasa kwenye Kiesperanto kila kitenzi cha wakati uliopo kinaishia -as. Watu wanasema estasi, amasi, parolasi. Na zikirundikana konsonanti wanaziwekea irabu katikati, knabo inakuwa kinabo, strato inakuwa sitirato. Kuwaambia tu "usiweke i" haisaidii, masikio yao hayaisikii hiyo i. Nikatafuta sentensi ambazo neno linalofuata linaanza na irabu, mfano "li estas amiko" (yeye ni rafiki), tunaisoma imeungana, esta-samiko, s inapata pa kuegemea. Wakizoea narudisha pengo polepole mpaka s inabaki peke yake. Kwa -n tulifanya kuivuta, librooonnn, mdomo wazi, ulimi juu, hakuna kufungua mpaka nishushe mkono. Kwa herufi zilizorundikana nilitumia maneno yetu ya kila siku, spidi, stesheni, skrubu, brashi, kuonesha kwamba ulimi wetu unaziweza, haujazoeshwa tu kwenye kn na str. Kila jioni mtu anarekodi sentensi tatu kwa sauti anatuma kwenye grupu la WhatsApp na mimi namjibu kwa sauti, sio kwa maandishi.

Kwa wale wanaochanganya l na r (wapo, na hawana kosa, lugha zao za nyumbani ndo zilivyo) nilitunga sentensi moja tukaiimba kila kipindi: La reĝo faras leĝon. Mfalme anatunga sheria. Ukigeuza inakuwa sheria inatunga mfalme, na mtu anasikia mwenyewe kwamba maana imeharibika.

Sasa sarufi. Hapa ndipo nilipofurahi zaidi, kwasababu Mswahili anaingia darasani na mtaji mkubwa bila kujua.

Nyakati hazikuchukua kipindi kizima. Mi manĝis nilikula, mi manĝas ninakula, mi manĝos nitakula, basi, kitenzi hakibadiliki kwa nafsi. Ila sisi nafsi tunaibeba ndani ya kitenzi kwahiyo mwanzoni watu waliacha mi na li nje kabisa, wanasema "manĝas" peke yake, na wengine wakaweka mara mbili, "Juma li manĝas". Mazoezi ya siku chache yanatosha. Waliniuliza "nimekula" je, nikawapa jam, mi jam manĝis, nimeshakula. Na ile -nge- yetu ya pande mbili imekaa sawasawa na -us: se mi havus monon, mi aĉetus domon, ningekuwa na pesa ningenunua nyumba, pande zote mbili -us. Kuuliza ni ĉu mwanzoni mwa sentensi, sawa na "je". Ni iru, twende. Mi volas, ke vi venu, nataka uje. Hivi vitu unaviandika ubaoni sambamba na Kiswahili na watu wanatikisa kichwa.

Halafu tukafika kwenye viambishi, na hapa ndo yule mama mstaafu aliposhika darasa. Niliandika boli, kuchemka, halafu boligi, kuchemsha. Akanyoosha mkono akasema, "Mwanangu, hii -ig- si ndo kutendesha hii?" Nikamwambia ndiyo mama, yenyewe. Akaendelea, "Basi niandikie kuvunja na kuvunjika." Nikaandika rompi, rompiĝi. Kuponya na kupona, sanigi, saniĝi. Kula na kulisha, manĝi, manĝigi. Kuamsha na kuamka, veki, vekiĝi. Akawa anataja jozi tu mimi naandika mpaka ubao ukajaa, na wenzake wananakili.

Nikaona nitupe na mal-. Vitabu vinafundisha mal- kwa vivumishi, bona malbona, granda malgranda, yaani zuri baya, kubwa dogo, na ni kweli inapunguza kazi ya kukariri karibu nusu. Lakini Kiswahili kina kitu kama hicho kwenye vitenzi, funga na fungua, kunja na kunjua, pakia na pakua. Kwa Kiesperanto ni fermi na malfermi, faldi na malfaldi, ŝarĝi na malŝarĝi. Yule mama akanyamaza kidogo akauliza, sasa funguka? Malfermiĝi. La pordo malfermiĝis, mlango umefunguka. Fung-u-k-a, mal-ferm-iĝ-i, vipande vyote vipo, vimepangwa tofauti tu. Mtu aliyekuzwa na mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili hawezi kuogopa lugha hii, naamini hivyo kabisa. Na dometo ni kijumba, domego ni jumba, hiyo wala sikuieleza.

Upatanisho nao haukutusumbua, bela floro (ua zuri), belaj floroj (maua mazuri), kwetu sisi wenye vitabu vizuri vimeanguka hiyo ni kawaida tu. Lile neno dogo la, linalokaa kabla ya jina kama the ya Kiingereza, ndo hatuna kitu kama hicho, ila maelezo ya sarufi ya Fundamento ya 1905, kitabu cha msingi cha Kiesperanto, yenyewe yanamruhusu mtu anayepata shida na la asiitumie mwanzoni, nikawasomea hiyo ruhusa na tukaendelea na safari, baadaye ikaja yenyewe kwa kusoma.

Vilivyohitaji muda ni vitu viwili. Cha kwanza li (yeye wa kiume) na ŝi (yeye wa kike). Sisi tuna yeye, basi, mtu anamsifu mama yake vizuri kabisa kwa li mwanzo mwisho. Siku hizi wapo Waesperanto wanaotumia ri bila kujali jinsia na niliwatajia, ila nilitaka wawaelewe wengi watakaokutana nao. Kwahiyo tukafanya picha za kwenye simu, kila mtu aje na picha za ndugu zake aeleze huyu nani, anafanya nini, anaishi wapi. Li, ŝi, li, ŝi, mpaka mdomo ukazoea. Hapo ikazuka hoja ya mama mdogo, maana onklino inabeba shangazi na mama mdogo wote kwa pamoja na wanafunzi walikataa katakata kumwita mama mdogo jina moja na shangazi, tukakubaliana tuseme kirefu, la pli juna fratino de mia patrino. Sawa, mazoezi ya ziada ya sarufi.

Cha pili ni -n ya shamirisho, yaani ya anayetendewa. Sisi shamirisho tunaionesha ndani ya kitenzi, nilimwona, nilikiona, jina lenyewe halibadiliki. Nilikata maboksi ya maji vipande vikubwa, nikaandika KATO, MUSO, ĈASAS, na kipande kidogo cha N kwa maka nyekundu. Watu watatu wanasimama mbele wameshika maneno, wa nne ameshika N. Kato ĉasas muson, paka anamkimbiza panya. Nikawaambia wabadilishane nafasi, MUSO na N yake aende mwanzo, muson ĉasas kato, nani anakimbizwa? Bado panya. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mahali pa kusimama tu. Sasa N ihame imfuate paka. Darasa likapiga kelele, panya anamkimbiza paka! Walivyocheza hivyo kwa zamu, kila mtu ameshika ile N kwa mkono wake, hawakuhitaji tena neno shamirisho. Baadaye nikatumia ileile N kwa kuelekea mahali: li kuras en la ĉambro, anakimbia akiwa humo chumbani, li kuras en la ĉambron, anakimbia kuingia chumbani. Sisi "anakimbia chumbani" inabeba yote mawili, wao lazima wachague.

Kuhusu kuandika kwenye simu, wasiokuwa na kibodi ya Kiesperanto walitumia x baada ya herufi, cx, gx, sx, kila Mesperanto anaelewa. Na maneno kama sana (mzima wa afya), ni (sisi) na ili (wao) yanachanganya siku mbili tatu kisha yanatulia, usiyaogope.

Sasa hivi tupo kwenye lile jedwali la maneno 45 ya kuuliza, kuonesha na kadhalika, kiu, tiu, iu, ĉiu, neniu na ndugu zake. Sijawapa jedwali zima. Tumeanza na maswali peke yake, kiu nani, kio nini, kie wapi, kiam lini, kiel vipi, kial kwanini, tunaulizana mpaka yakae, ndo tunaingia safu ya ti- ya majibu. Yule mama ameshaanza kuuliza huyo, huyu na yule zitaingiaje kwenye tiu (yule) na ĉi tiu (huyu) peke yake, na hicho ndo kipindi ninachokiandaa wiki hii.