Kuta za banda la gari: rangi ni ya mwisho, anza na maji

Wadau, watu wengi hapa Dar nyumba ikiisha banda la gari linaachwa na lipu ya hovyo hovyo, eti pale inalala gari tu. Mi siafiki kabisa. La kwangu huku Kinyerezi limepigwa skimu, ule upako mwembamba wa kulainisha ukuta juu ya lipu, kama sebule na linapendeza, kwa hiyo naandika kwa mwenye kuta za saruji anayetaka zitoke laini na zishike rangi.

Kwanza kabisa maji. Ukuta unaweza kuonekana mkavu kumbe ndani umelowa, maji yanapanda toka kwenye msingi au yanapenya toka nje pale udongo wa bustani ulipoegemea ukuta, yakitokea ndani yanaleta chumvi, ule unga mweupe unaouona chini chini. Watu wanauosha kwa maji, sasa ukiuosha chumvi inayeyuka na kurudi humo humo! Sugua na brashi ya waya ukuta ukiwa mkavu, futa vumbi, afu tafuta maji yanatokea wapi uyazuie huko huko, la sivyo hata upake rangi ya bei gani itabanduka tu.

Kipimo chake hakina gharama. Chukua naironi kama sentimita 45 kwa 45, ibandike ukutani na tepu pande zote nne hewa isipite, iache angalau masaa 16. Ukibandua ukakuta matone au ukuta umekuwa mweusi, subiri. Na kama lipu ni mpya ipe siku 28, maana saruji mbichi ina ukali unaounguza rangi, hasa rangi ya mafuta, inakuwa kama sabuni afu inaachia. Kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, ipe muda zaidi, hewa yenyewe hapa imejaa maji.

Sasa skimu. Mafundi wengi watakwambia gypsum powder kwa sababu inateleza vizuri na msasa wake ni mwepesi, na kweli chumbani ni nzuri sana, ila banda la gari ni sehemu ambayo mvua inarusha, gari linaingia limelowa, geti liko wazi muda mwingi, na gypsum ikipata unyevu inalainika na kuvimba. Mi nasema tumia skimu ya white cement. Ni ngumu kusugua, sikatai, ila inakaa.

Kabla ya skimu, palipo na oili au masizi osha kwa sabuni ya unga suuza mpaka paishe utelezi, nyufa zichimbe kidogo ndo uzibe, na vile vitundu vya zege vijaze kwanza peke yake usitegemee skimu ivifunike. Ukuta ulowanishe kidogo tu, maana mkavu sana unanyonya maji ya white cement haraka na inabaki unga unga. Piga mkono wa kwanza mwembamba, milimita moja hivi, ukikauka piga wa pili kwa kukatisha, kama wa kwanza ulivutwa juu chini huu uvute kushoto kulia. Ukipiga mnene kwa mara moja utapasuka.

Kuna wanaopenda niru, ule uji wa saruji unaopakwa juu ya lipu na kulainishwa. Niru ni nzuri na ngumu, ila inapigwa lipu ikiwa bado mbichi, na ikisuguliwa mpaka ing'ae rangi inakosa pa kushika, so kama tayari unayo ipitishie msasa mpaka mng'ao uishe.

Msasa anza namba 120 malizia na 220, na fundi avae barakoa jamani, vumbi la saruji si la kuchezea. Washa taa uishike pembeni kabisa ya ukuta, imulike ubavu, kila bonde na kila mstari wa mwiko utajionyesha hapo hapo, weka alama kwa penseli urudie. Mchana kwa mwanga wa mlangoni huwezi kuona. Futa vumbi lote, afu praima, ule mkono wa chini kabla ya rangi, iwe inayostahimili ukali wa saruji, ndo rangi mikono miwili, na chini usawa wa bampa chukua rangi inayooshika.

Na mnapopatana na fundi, msasa, kufuta vumbi na praima viwe ndani ya bei toka mwanzo, tena mviandike, maana bei ikishushwa sana hizo ndo kazi za kwanza kurukwa.