Miguu ya Cuauhtémoc

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa wangu. Tafakari ya wiki hii imechelewa mnisamehe, tangu Alhamisi natembea na swali la yule kijana wetu. Mnakumbuka tulisoma Warumi 10, tukafika mstari wa 15, "Ni mizuri kama nini miguu yao wahubirio habari ya mema!", akanyoosha mkono akauliza, na ile miguu ya Wahispania waliowapelekea Waazteki dini kule Mexico nayo ilikuwa mizuri? Kimya. Mwenyekiti akasema tuendelee na maombi, tukaendelea. Mimi nilirudi nyumbani sina amani kabisa maana swali lilikuwa la haki na sisi watu wazima tumelikwepa mbele ya watoto wetu.

Basi nimekaa nimesoma kila nilichopata, naomba mnivumilie kwanza niwasimulie.

Hernán Cortés, kiongozi wa Wahispania hao, aliondoka kisiwa cha Cuba Februari 1519 akiwa na merikebu 11, watu kama 500 na farasi 16, gavana wake Diego Velázquez alikuwa anataka kumzuia yeye akaondoka tu. Kwenye bendera yake kulikuwa na msalaba na maneno ya Kilatini, kwa Kiswahili ni kama kusema, rafiki zangu tuufuate msalaba, tukiwa na imani kweli kwa ishara hii tutashinda. Sasa sikieni siku aliyofika, hapa nilibaki nimeshika kitabu sisomi. Merikebu zilitia nanga San Juan de Ulúa, kwenye pwani ya Mexico, siku ya Alhamisi Kuu, wakashuka pwani Ijumaa Kuu. Alhamisi Kuu! Siku ile Bwana anavua joho anajifunga kitambaa anainama kwenye miguu ya wavuvi, huku hawa wanapanga jinsi ya kushusha farasi na mizinga. Na mji walioanzisha wakauita Villa Rica de la Vera Cruz, yaani Mji Tajiri wa Msalaba wa Kweli. Utajiri na msalaba kwenye jina moja, na utajiri ndio umetangulia.

Nisije nikaonekana nawapamba Waazteki, wenyewe walijiita Mexica. Walikuwa wanatoa watu kafara juu ya mahekalu yao, walitoza makabila ya jirani ushuru mzito, ndiyo maana Watotonaki wa pwani na hasa watu wa Tlaxcala waliungana na Wahispania kwa maelfu, bila hao Cortés asingefika popote. Na humo humo msafarani kulikuwa na padre, Bartolomé de Olmedo, ambaye kule Tlaxcala Cortés alipotaka kuvunja sanamu zao na kuwalazimisha dini alimzuia, akamwambia si haki kuwafanya watu wakristo kwa nguvu, itafaa nini kuondoa sanamu leo kwenye hekalu moja kama kesho watazihamishia kwenye jingine. Nimempenda sana huyu padre. Lakini wiki chache baadaye, Oktoba 1519, msafara ulifika Cholula, wakawakusanya wakubwa na watu wa mji uani kwa hekalu wakawaua, Cortés mwenyewe kwa mkono wake anamwandikia mfalme wa Hispania kwamba ndani ya saa mbili walikufa zaidi ya 3,000. Anaandika hivyo kama mtu anayetoa ripoti ya mavuno.

Tarehe 8 Novemba 1519 waliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Mexica, mji juu ya ziwa, una barabara zilizojengwa katikati ya maji, bustani, na soko ambalo hawakuwahi kuona mfano wake, Cortés anasema mji ulikuwa mkubwa kama Seville na Cordoba za kwao. Mfalme Moctezuma akawapokea akawapa nyumba ya baba yake walale, haikupita muda wakamfanya mfungwa humo humo. Mwaka uliofuata mwezi wa tano Pedro de Alvarado, ofisa wa Cortés, akaua watu wakiwa wanacheza ngoma ya sikukuu yao ya Toxcatl, mji ukainuka, Moctezuma akafa, na usiku wa 30 Juni 1520 Wahispania wakatoroka kwenye mvua na wengi waliozama ni wale waliojaza dhahabu nguoni. Halafu ndui ikaingia, ugonjwa ambao wenyeji hawakuwahi kuujua, ikamuua mpaka Cuitláhuac aliyekuwa amerithi kiti miezi michache tu. Wahispania wakarudi na washirika wao, wakakata mfereji wa maji wa Chapultepec, wakaweka merikebu ndogo 13 ziwani, wakauzingira mji kuanzia Mei mpaka 13 Agosti 1521. Watu walikula majani, walikula mijusi, walikunywa maji ya chumvi ya ziwa.

Aliyekuwa mfalme siku ile ya mwisho ni kijana, Cuauhtémoc, jina lake maana yake tai anayeshuka. Alikamatwa kwenye mtumbwi, akaletwa mbele ya Cortés, akagusa kisu kilichokuwa kiunoni kwa Cortés akamwambia nimefanya yote niliyopaswa kuwafanyia watu wangu, sasa chukua hiki uniue. Hakumuua. Alimpa heshima mwanzoni. Ila dhahabu iliyopatikana ikawa kidogo kuliko walivyotarajia, askari wakanung'unika, mweka hazina wa mfalme akashinikiza, basi wakamchukua Cuauhtémoc pamoja na mfalme wa Tacuba, mji wa jirani, wakawapaka mafuta miguuni, wakawasha moto.

Miguu, wapendwa. Watu wenye bendera ya msalaba walimchoma mtu miguu aseme hazina iko wapi. Nimeandika hivyo nikafuta nikaandika tena kwa sababu sioni namna ya kulisema kwa upole.

Sasa miaka mitatu baadaye, Mei 1524, wakashuka pwani ile ile watawa Wafransisko 12, mkubwa wao Martín de Valencia. Hawakuchukua farasi. Walitembea kutoka pwani mpaka mji wa Mexico, ndiyo ile Tenochtitlan, safari ya wiki kadhaa, milima kwa mabonde, peku, na kanzu zimechanika. Walipopita Tlaxcala watu wakawa wanawafuata wanasema neno moja, motolinia, motolinia. Mtawa mmoja, Toribio wa Benavente, akamuuliza Mhispania neno hili ndio nini? Akaambiwa maana yake maskini. Akasema basi hilo litakuwa jina langu. Neno la kwanza alilojifunza katika lugha yao likawa jina lake mpaka kufa, Motolinía, ndivyo tunavyomjua mpaka leo.

Walipokaribia mji Cortés akatoka na wakubwa wake kuwapokea, akapiga magoti chini akataka kumbusu mikono mkubwa wao, naye hakukubali, akabusu kanzu yake. Bernal Díaz del Castillo, askari wake aliyekuja kuandika habari zote hizi uzeeni, anasema Cuauhtémoc na machifu wengine walipoona Cortés amepiga magoti mbele ya watu hawa walishangaa mno, watu peku, wamekonda, wamepauka, kanzu mbovu, hawana hata farasi. Nikajaribu kukaa mahali pale alipokaa Cuauhtémoc. Anaijua miguu yake mwenyewe ilivyo. Anaangalia miguu ya wale 12 imejaa vumbi na malengelenge, anamwangalia na aliyeruhusu yake ichomwe yuko chini amepiga magoti. Sijui alijisemea nini moyoni, hakuna aliyeandika. Mwaka uliofuata, 1525, Cortés alimnyonga njiani kuelekea Honduras kwa tuhuma za njama.

Na wale watawa nao msidhani walikuwa malaika. Walichoma mahekalu na vitabu vya wenyeji, askofu Juan de Zumárraga aliandika mwaka 1531 kwamba mahekalu zaidi ya 500 yamebomolewa na sanamu 20,000, akiandika kama jambo la kushukuru. Motolinía mwenyewe baadaye alimtetea Cortés kwa barua kali kwa mfalme. Lakini pia walijifunza lugha, walikula walichokula watu, waliwatetea wenyeji mpaka wakagombana na magavana, na Pedro de Gante aliyetangulia mwaka mmoja kabla yao alikaa na watoto wa Mexica akiwafundisha kusoma na kuimba kwa karibu miaka hamsini mpaka akazikwa huko.

Kwa hiyo kijana wangu kama unasoma hapa, jibu langu ni hapana, miguu ile mingi haikuwa mizuri. Na mtume Paulo hajasema kila mguu uliovuka bahari na msalaba ni mzuri. Ule mstari ameutoa kwa Isaya 52, nenda kausome, kule ni habari za watu waliochukuliwa utumwani Babeli, mji wao umebaki magofu, halafu juu ya milima wanaona mtu anakuja mbio kuwaambia utumwa umekwisha, Mungu wenu anamiliki. Ndiyo maana miguu yake ni mizuri hata kama ina matope! Sasa mtu akija kuniambia mimi ni mtumwa wake kuanzia leo, hiyo siyo habari ya mema ashike msalaba wa urefu gani.

Ila siwezi kumalizia kwa Wahispania nikajiacha mimi. Miaka ya nyuma, si kwenye parokia hii, nilikuwa mweka hazina wa jumuiya. Kulikuwa na bibi mmoja anakaa chumba cha uani, alikuwa anauza maandazi mpaka nguvu zikaisha, kadi yake ya zaka ilikuwa tupu miezi na miezi. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu nilimkuta kwenye mkeka, sukari imempanda, miguu imevimba, kidole kimoja kimeanza kuwa cheusi, harufu ipo. Mimi nikasimama mlangoni na viatu vyangu, sikuvivua, nikamsomea deni kwenye daftari. Akafungua pindo la khanga akatoa elfu mbili. Nikaipokea, nikamwandikia risiti, nikaondoka, sikumuuliza bibi miguu ina nini.

Kuna sista alikuwa anakuja kutoka zahanati jioni kwa ndala, ndiye aliyekuwa anamkandia vile vidonda na kumbadilishia kitambaa, akimaliza anakaa naye wanapiga stori za mashamba. Bibi alipofariki msibani kila mtu anamtaja sista. Mimi nilikuwa nimeshika bahasha ya rambirambi nakusanya.

Nimeshaungama hilo, na bado jina la yule bibi nalitaja kila siku kwenye rozari. Silinganishi kosa langu na la Cholula, lakini nikisoma habari za mafuta na moto naiona miguu yake kwenye ule mkeka, siwezi kujizuia.

Nimemwomba mwenyekiti Alhamisi hii kijana aulize tena swali lake na tumpe muda, kila mtu aseme analoona, maombi yatasubiri. Halafu Jumamosi saa tatu asubuhi tunakwenda kwa yule mama wa nyuma ya mashine ya kusaga, aliyepooza upande. Atakayeweza abebe sabuni, pamba, shuka kuukuu zilizofuliwa. Njia ina matope tangu mvua ya juzi. Mimi nitaleta beseni.