Kwani Hajui Kuandika?

Likizo ya Desemba ile nilikwenda Tanga kwa dada yangu nikiwa na daftari la riwaya ya vijana. Nilikuwa nikiisimulia upya ngano ya Hans Christian Andersen ya mwaka 1837, ile ya binti wa mfalme wa bahari. Mpwa wangu alikuwa na miaka 15, umri uleule anaoruhusiwa binti wa ngano kupanda juu ya maji. Nilimkuta amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, nikavuta mkeka nikamsomea sura ya nne, binti anapomwendea mchawi.

Neno la kwanza tu likamkwaza. "Mjomba, nguva si yule mnyama anayekula majani ya bahari?" Ndiye. Nikalifuta nikaandika binti-bahari, tukaendelea.

Nikasoma masharti: ulimi ukatwe, apate miguu, kila hatua iwe kama kukanyaga visu, na apewe siku tatu kumpata mwana wa mfalme. Nazi ikasimama.

"Kwani hajui kuandika? Si angemwandikia tu kwamba ndiye aliyemwokoa?"

Nikasema mchawi amemkataza. Akacheka. "Hilo umeliweka sasa hivi, umebanwa."

Kweli nililiweka pale pale, na ubovu wake ulionekana upesi. Kwenye kibanda cha mchawi hakuna cha bure: binti analipa ulimi, na mchawi mwenyewe anajichanja kifuani akitia damu yake chunguni ili dawa iwe kali. Katazo lisilolipiwa chochote linaishusha bei hiyo yote. Tena ukikataza kuandika, msomaji atauliza kuhusu kuchora, kisha ishara za mikono, na kila tundu litataka kiraka chake.

Usiku nikairudia ngano yenyewe. Siku tatu hazimo! Nilizichukua kwenye filamu bila kujijua. Kwa Andersen siku hazihesabiwi. Binti anageuka povu alfajiri ya kwanza baada ya mwana wa mfalme kuoa mwingine. Mpaka hapo analala mlangoni kwake juu ya mto wa mahameli, anashonewa nguo za kiume ili wapande farasi pamoja. Nafasi anayo tele, kwa hiyo swali la mpwa wangu lilizidi uzito.

Nikafuta siku tatu pamoja na lile katazo. Badala yake nikaamua kwamba chini ya bahari hakuna maandishi, hivyo binti ajifunze herufi kwa kijana wa zizi la farasi, kwa mkaa ukutani. Rasimu ya kwanza ilimfundisha haraka mno: akaandika barua kamili, harusi ikafa, na riwaya nayo ikafa. Nikampunguzia mpaka akabaki na maneno matatu: mimi, wewe, bahari. Mwana wa mfalme anayasoma huku moyoni ameshaamini kwamba aliyemwokoa ni msichana aliyemkuta ufukweni, karibu na hekalu. Kwake maneno yale ni ombi la matembezi. Anafurahi, anampandisha kwenye jahazi linalokwenda nchi jirani kumtazama binti mfalme anayeposwa, na huyo ndiye msichana wa hekaluni. Safari hiyo imo kwa Andersen. Mimi niliongeza kikaratasi tu.

Asubuhi nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, safari hii akichambua mchele.

"Sawa. Na dada zake watano? Wao wana ndimi. Mbona wasimwambie wao?"

Hilo Andersen alikuwa ameliziba mwenyewe, mapema kabisa, mahali ambapo nilikuwa nimepafupisha kwa kuona ni mapambo tu: dada hao huimba mbele ya merikebu zinazokaribia kuzama, na mabaharia, wasioelewa neno hata moja, hudhani ni dhoruba. Nikaomba kalamu, nikaifungua tena sura ya pili.